Ni maji ya kisima au ni ukwaju?

Swali:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Nkuhungu hapa Dodoma ila nimezaliwa na kukulia kijijini huko Manyoni. Tangu utotoni meno yangu ya mbele yana madoa ya kahawia, nimeshayazoea. Sasa kama miaka 3 hivi naona jambo jipya. Ncha za meno ya juu zimekuwa nyembamba, nikisimama kwenye mwanga zinapenya kama kioo, rangi imekuwa ya njano zaidi, na maji ya baridi yakigusa napata ganzi hadi machozi yananitoka. Kazi yangu ni kutengeneza juisi ya ukwaju na ubuyu wa rangi, nauza soko la Sabasaba. Mume wangu anasema ni maji ya chumvi ya kisima cha hapa mtaani ndiyo yanakula enameli. Jirani aliniambia nisugue kwa unga wa mkaa na limau. Nimefanya wiki 2, kweli yaling'aa, ila ganzi imezidi. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka 9, alilelewa na bibi yake kijijini hadi alipofika miaka 5, na meno yake mapya ya mbele yametoka na mabaka meupe kama chokaa. Wa pili ana mwaka mmoja na nusu, nimepanga kumpeleka kwa bibi Januari ili nijipange na biashara. Je, enameli iliyoisha inarudi? Na huyu mtoto wa kwanza nimemharibu mimi?"

Jibu:

Marahaba, mama. Mkaa na limau viache leo, kabla hata hujamaliza kusoma. Sababu nitakueleza, ila nisingependa uswaki navyo tena usiku huu ukisubiri nifike huko.

Tuanze na mumeo, maana hoja yake naisikia kliniki karibu kila wiki. Amepatia nusu. Maji ya kisima yanaweza kweli kuharibu enameli, lile ganda gumu la nje la jino, lakini si kwa chumvi, na si haya mnayokunywa sasa mkiwa watu wazima. Sehemu kubwa ya ule ugumu wa maji ya Dodoma, unaofanya sabuni igome kutoa povu na birika lishike ukoko mweupe ndani, ni madini ya kalsiamu. Kalsiamu ndiyo hiyo hiyo inayolijenga jino. Maji hayo yataua birika na kuziba bomba la mvua la bafuni, lakini meno hayayadhuru.

Madini yanayoharibu yanaitwa floraidi. Ubaya wake ni kwamba hayana ladha wala rangi wala harufu. Unaweza kunywa maji matamu kabisa, baridi kutoka kwenye mtungi, ukamsifia aliyechimba kisima, kumbe yana floraidi mara tatu ya inayotakiwa. Na yako maji ya chumvi yasiyo na neno. Kwa hiyo kuonja kwa ulimi hakutakuambia lolote. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Huku kwetu, ukanda wa Bonde la Ufa na majirani zake, yaani Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga, Mara, kuna visima vingi vinavyovuka kiwango hicho. Miaka mingi nchi yetu ilivumilia hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, baadaye ikashusha hadi 4, kwa sababu rahisi na ya kusikitisha: ukivifunga visima vyote vinavyozidi 1.5, watu wanywe nini?

Manyoni iko mkoa wa Singida. Sijayapima maji ya kijiji chenu, lakini nikiunganisha meno yako na ya mwanao, nina wazo zuri tu la kilichomo kisimani.

Meno ya mbele ya kudumu hayaanzi kujengwa yanapochomoza akiwa na miaka 6 au 7. Yanaanza mtoto akiwa na miezi 3 au 4, yamejificha ndani ya taya chini ya meno ya utoto, na enameli yake inamalizika akifika kama miaka 4 au 5. Magego ya nyuma yanachelewa zaidi, hadi miaka 8 hivi. Katika kipindi hicho kuna chembe hai zinazoijenga enameli tabaka kwa tabaka. Mtoto akinywa floraidi nyingi kila siku, kazi ya chembe hizo inavurugika, enameli inabaki na vitundu vidogo sana chini ya uso wake. Jino linatoka likiwa na mistari au mabaka ya chokaa. Ile kahawia inakuja baadaye: vitundu vinanyonya rangi ya chai, ya mboga, ya kila kitu. Ndiyo maana yako ni kahawia na ya mwanao ni meupe. Ni tatizo moja, ila yako yametangulia kunywa chai kwa miaka 27.

Hilo linajibu swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo linalokuuma kuliko meno yenyewe. Hukumharibu, wala hukumrithisha. Mlikunywa kisima kimoja.

Jino likishakamilika, floraidi ya kisima haiwezi tena kuliharibu. Msingi wa madoa yako ulikamilika kabla hujaanza darasa la kwanza. Kwa hiyo huu wembamba wa miaka 3 iliyopita, uwazi wa kioo kwenye ncha, njano na ganzi, ni kesi nyingine kabisa iliyokuja juu ya ile ya zamani. Watu wetu wanaita yote "meno kuliwa", na hapo ndipo tiba inapopotea, maana la kwanza lilitokea jino likijengwa na hili la pili linatokea jino likiwa limeshajengwa, kila siku, huku ukiwa macho.

Mhusika ninayemshuku yumo kwenye barua yako, umemtaja bila kumtilia shaka. Ni ukwaju.

Asilimia 96 hivi ya uzito wa enameli ni madini matupu. Hakuna kitu kigumu kuliko hicho katika mwili wako wote, hata mfupa. Lakini madini hayo yana adui mmoja, asidi. Uchachu tunaupima kwa kipimo kinachoitwa pH: maji safi ni 7, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyopanda. Kinywa kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli inaanza kutoa madini yake. Limau liko kwenye 2 na kidogo. Soda za kola 2.5 hivi. Juisi ya ukwaju huwa karibu na 3 au chini yake, ubuyu uko kati ya 3 na 4, na divai yetu ya Dodoma nayo humo humo. Maziwa ni 6.7. Na usidanganyike na udogo wa tofauti hizo, kila namba moja unayoshuka uchachu unazidi mara 10. Kutoka 5.5 hadi 2.5 ni mara 1,000.

Sukari unayoitia haipunguzi uchachu huo hata kidogo, inauficha ulimi tu. Ndiyo maana ukwaju uliokolezwa sukari unanyweka kama maji wakati mtu akipewa ukwaju mtupu anakunja uso na kuona ukakasi hapo hapo. Ule ukakasi, ile ganzi inayowapata watoto waliovamia zabibu mbichi shambani, ni jino linakuambia kuwa limeanza kulegea juu. Sukari imelifunga mdomo.

Mungu ametupa mate. Mate yanaisafisha asidi, yanaituliza, halafu yanarudisha kalsiamu na fosfati pale zilipotoka. Kazi hiyo inachukua nusu saa au zaidi kidogo. Kwa hiyo mgonjwa kama wewe simuulizi anakunywa kiasi gani. Namuuliza ni mara ngapi. Mtu anayekunywa glasi nzima ya ukwaju na chakula cha mchana, akamaliza, amelipiga jino mara moja na mate yanapata mchana mzima wa kutengeneza. Wewe, kama nawajua watengenezaji wa juisi, unaonja ukiroweka, unaonja ukichuja, unaonja ukitia sukari, tangawizi, na tena mteja akisema "leo kali". Kijiko kimoja kila dakika 15 au 20 kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Mate hayajapata nafasi hata moja ya kumaliza kazi. Ukijumlisha na ubuyu, ambao hauliwi bali unamung'unywa, mbegu inakaa shavuni ikisugua jino na asidi na sukari kwa dakika nyingi, unapata miaka 3 ya hicho ulichoniandikia.

Hewa ya Dodoma nayo ina mkono hapa. Ukavu wa kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, jua la saa 8 mchana, jiko la mkaa mbele yako, huku unaona aibu kuacha meza ukatafute choo kwa hiyo hunywi maji. Kinywa kinakauka, mate yanapungua, na mlinzi pekee uliyenaye anakuwa kazini nusu.

Si wewe peke yako. Napata waendesha bodaboda wanaonyonya chupa moja ya kinywaji cha kuongeza nguvu kuanzia asubuhi hadi mchana, fundo kwa fundo. Napata wanaotafuna vidonge vya vitamini C kama pipi. Nimewahi kuwaona waonjaji wa divai wenye meno kama yako, na hao angalau kazi yao imewafundisha kutema.

Sasa mkaa. Asidi ikishapita, uso wa enameli kwa muda huo unakuwa laini, tabaka jembamba sana, halionekani kwa macho. Ukisubiri, mate yanalikaza tena. Ukilisugua wakati huo huo, unaliondoa. Limau linalainisha, mkaa unakwangua, na jirani yako amekuunganishia vyote viwili kwenye mswaki mmoja. Yaling'aa, ndiyo, kwa sababu umeondoa uchafu pamoja na tabaka lililoushika. Lakini chini ya enameli kuna dentini, na dentini kwa asili ni ya njano. Kadiri enameli inavyopungua, ndivyo njano inavyochungulia, nawe unasugua zaidi upate weupe. Ni biashara ya hasara, kila siku unachimba ukikaribia kile unachokikimbia. Ganzi iliyozidi ndani ya wiki 2 ni ishara hiyo hiyo, dentini ina vijia vinavyofika kwenye mshipa wa fahamu wa jino. Na zile video za kwenye simu za limau na magadi soda ziache pia, limau ni lile lile.

Nisijifanye malaika. Shule ya bweni niliyosoma, dawa ya meno ilikuwa ikiisha wiki ya pili ya muhula, na sote tulikuwa tukiokota mkaa jikoni. Hatukufa. Ila hatukuuchanganya na limau, na muhula ulikuwa na mwisho. Mswaki wa mti nao sina ugomvi nao, mradi nyuzi zake zimetafunwa hadi zikawa laini na hausuguliwi kwa hasira mlalo kwa mlalo, maana msuguo wa namna hiyo unachimba vijishimo kwenye shingo ya jino, pale linapokutana na fizi.

Kabla sijaihukumu biashara yako, nataka ufanye uchunguzi mmoja nyumbani. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu baba mmoja, meno ya mbele yameisha vibaya. Nikamhoji soda, nikamhoji ukwaju, akakana vyote. Nikamwona mwongo, nikamwambia apunguze soda, akaondoka. Alirudi mwaka uliofuata yameisha zaidi. Safari hiyo ndipo nilipoweka kioo nyuma ya meno yake ya juu, upande unaotazama ulimi, nikakuta huko ndiko kumelika, laini kama ndani ya kijiko, mbele pazima kiasi. Asidi haikutoka nje, ilikuwa inapanda kutoka tumboni usiku, kiungulia alichokizoea hadi akaacha kukitaja. Mwaka mzima niliupoteza mimi.

Kwa hiyo chukua kioo kidogo na tochi ya simu, au mwambie mumeo akumulikie. Kama upande wa mbele, unaoonekana ukicheka, ndio umekuwa laini na wa kung'aa bila mistari, na ncha ndizo zimekonda, hiyo ni asidi ya kinywaji. Kama upande wa nyuma ndio umelika zaidi, nieleze kuhusu kiungulia, kucheua maji machungu, kikohozi cha usiku, au kama mimba zako mbili zilikuwa na kutapika kwa miezi. Tutahitaji daktari wa tumbo kabla ya daktari wa meno. Na mumeo akikumulikia, mwulize pia kama husagi meno usingizini. Yeye ndiye anayesikia.

Tukichukulia ni ukwaju, sikuambii uache kazi inayolisha nyumba. Nakuambia ubadili namna ya kuonja. Onja mara 2 kwa kila ndoo, unapotia sukari na unapomaliza. Tumia kijiko kidogo, weka katikati ya ulimi, tema kwenye kikombe, sukutua kwa maji ya kawaida na uteme tena. Ukizoea kipimo, kwamba ukwaju kilo fulani, maji lita fulani, sukari vikombe fulani, hata hizo mara 2 utaona nyingi, na wateja wako hawatakuambia tena "leo kali" maana kila siku itakuwa sawa. Mteja akilalamika, mwachie msaidizi wako aonje, mpokezane. Ubuyu ukiutamani, ule pamoja na chakula, umalize, usitembee nao shavuni. Na chupa ya maji matupu iwe mezani pako, uinywe hata kama choo kiko mbali.

Kuswaki, fanya asubuhi kabla hujagusa ukwaju, na usiku kabla ya kulala. Ukishaonja kitu kichachu, subiri nusu saa hadi saa nzima ndipo mswaki uguse meno, kwa sukutuo la maji hapo katikati. Ule wa usiku ndio usiokosa kamwe, maana ukilala mate yanakauka karibu kabisa. Nunua mswaki wa nyuzi laini. Dukani watakuuzia mgumu wakisema unasafisha zaidi, na kweli unasafisha, sakafu. Dawa ya meno iwe na floraidi, geuza tyubu nyuma usome, kwa mtu mzima inatakiwa iwe kati ya ppm 1,000 na 1,500 (ppm ni sehemu kwa kila milioni), nyingi zimeandikwa 1,450. Ukimaliza kuswaki tema povu, lakini usisukutue kwa maji. Najua ni kinyume cha tulivyofundishwa. Ile dawa inayobaki ndiyo inayofanya kazi usiku kucha. Ziko pia dawa za meno zilizotengenezwa kwa ajili ya ganzi, nazo zinahitaji wiki 2 hadi 4 mfululizo kabla hujaona nafuu, usizikatie tamaa siku ya tatu.

Hapo najua umeshtuka. Floraidi si ndiyo iliyotuharibu Manyoni, na sasa daktari anasema nijipake?

Floraidi iliyowaharibu ilimezwa, ikapita damuni, ikafika kwenye jino ambalo bado linajengwa. Jino lako limeisha kujengwa tangu enzi. Floraidi ya dawa ya meno inagusa uso tu, inaingia kwenye madini ya enameli na kuyafanya yawe magumu kuyeyuka, kiasi kwamba asidi inahitaji kushuka hadi kama 4.5 badala ya 5.5 ndipo iyaweze. Kitu ni kile kile, tofauti ni mlango kinakoingilia na umri wa jino. Kwako itumie bila woga.

Enameli iliyolainika inaweza kukazwa tena, na hilo ndilo mate na floraidi vinafanya. Unene uliokwishaondoka haurudi. Mfupa ukivunjika unaunga kwa sababu ndani yake mna uhai, lakini chembe zilizojenga enameli zilikufa jino lilipochomoza, hakuna fundi aliyebaki ndani. Anayekuuzia unga au mafuta ya "kuotesha enameli" muage salama. Tunachoweza kliniki ni kupaka floraidi nzito ya varnishi, na kwenye zile ncha kuongeza kompositi, yaani ujazo wa bandia wa rangi ya jino, inayofunika dentini na kurudisha urefu. Kompositi hiyo hiyo inaweza kuficha madoa ya kahawia, kwa hiyo ukiwa na subira tunaweza kumaliza kesi zako mbili kwenye kiti kimoja. Ila hatuanzi mpaka uache kuonja ovyo, kwa sababu kujenga juu ya jino linaloendelea kuyeyuka ni kupoteza fedha zako. Uliza bei yote kabla hujalala kitini, usione haya.

Mtoto wa kwanza, meno yake ya mbele ni magumu ya kutosha kwa kula na kucheka. Asisuguliwe mkaa, na asichekwe nyumbani. Kama mabaka yanamnyima raha shuleni, mlete akiwa na miaka kama 12 au zaidi, fizi zikishatulia, kuna njia za kuyapunguza bila kuchonga jino. Kwa sasa dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, naye afundishwe kutema.

Huyu wa mwaka mmoja na nusu ndiye aliyenifanya nikuandikie kwa urefu hivi. Miezi hii hii, hadi afike miaka 3 hivi, ndiyo meno yake ya mbele ya kudumu yanapoweza kuharibika kirahisi kuliko wakati wowote. Mpango wako wa Januari unamweka kwenye kisima kile kile, kwa umri ule ule, kama kaka yake. Kama biashara inaruhusu, nakuomba abaki nawe hadi maji ya bibi yapimwe.

Ikilazimu aende, basi apatiwe maji yake. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha, simtenki moja inayovuna bati la nyumba inatosha maji ya kunywa na uji ya mtoto mmoja kwa miezi mingi. Maji hayo yachemshwe kwa ajili ya vijidudu. Ya kisima, kuyachemsha hakuondoi floraidi, bali kunaizidisha, maana maji yanapungua na madini yanabaki. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Kuna chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambalo kituo cha Ngurdoto kule Arusha kimelifanyia kazi kwa miaka mingi, na linaondoa kweli, ila unga wake huchoka na lazima ubadilishwe. Si mkaa wa jikoni, tafadhali, nisije nikasikia bibi amemwaga gunia kwenye pipa.

Mengine ni ya jikoni kwa bibi, uyaseme kwa adabu na ukiwa umempelekea kitenge. Magadi ya mawe yanayotiwa kwenye mlenda na maharage, kutegemea yalikochimbwa, yanaweza kubeba floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Kwa chungu cha wakubwa sawa, cha mtoto kipikwe bila magadi. Chai ya rangi, majani yake nayo yana floraidi, asizoeshwe. Dawa ya meno yake iwe kama punje ya mchele tu, maana umri huo anameza, hatemi. Na akiharisha au akipata homa, asipelekwe kwa mtu yeyote wa kumkwangua fizi eti ana "meno ya plastiki". Kile cheupe kinachoonekana chini ya fizi ni chonge lake la utoto likijiandaa kutoka. Wako watoto waliopoteza maisha kwa damu na uchafu wa kisu hicho, na waliopona wengi chonge la kudumu linatoka na enameli iliyotoboka, au halitoki kabisa. Bibi aliyelea watoto 6 ana haki ya kuheshimiwa kwenye mengi. Kwenye hili mwombe ampeleke zahanati.

Maji yapimwe kwanza. Tumia chupa ya plastiki ya maji ya kununua, ya nusu lita au lita moja, isiwe ya kioo kwa sababu floraidi inashikana na kioo. Isukutuliwe mara 3 kwa maji ya kisima chenyewe, ijazwe hadi juu, ifungwe, iandikwe jina la kijiji, kisima na tarehe. Mtu anayetoka Manyoni akuletee, uipeleke kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, uwaambie wazi kuwa unataka kipimo cha floraidi, la sivyo watakupimia chumvi na vijidudu wakadhani ndicho ulichofuata. Karatasi ya majibu njoo nayo siku ya kwanza ya kliniki, pamoja na watoto wote wawili na tyubu ya dawa ya meno mnayotumia nyumbani.